Bi Vidole na Kidole Kilichokataa Kukunjika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuonyesha vidole bila hata mmoja wetu kuthubutu kumshitaki, msimamizi wetu mkuu wa studio anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye jalada lake kule Utumishi. Sisi wengine tunamwita Bi Vidole, na ukimuulizia kwa jina la kuzaliwa hapa koridoni utaambiwa hakuna mtu kama huyo, labda jaribu jengo la pili.

Utumishi wamemwomba mwandishi wa maneno haya, ambaye riziki yake ni kubonyeza vitufe vya kubadilisha picha kutoka kamera moja kwenda nyingine, aandike wasifu "mfupi, wa kuchangamsha na wenye staha." Ufupi tutajitahidi. Mkurugenzi ameshachukua kurasa mbili za mwanzo za jarida hili kwa salamu zake na picha zake, kwa hiyo kilichobaki ndicho cha mstaafu.

Kwa faida ya wenzetu wa Uhasibu na Ghala, ambao bado wanaamini kwamba taarifa ya habari huanza yenyewe kama mvua, inafaa kueleza kazi aliyokuwa akiifanya. Mtangazaji aliyeketi pale mbele hajui lini aanze kusema. Anajua tu kwamba amepakwa poda. Pembeni ya kamera husimama mtu mmoja mwenye hedifoni, anayesikia amri kutoka kwetu, chumba cha picha, na kuzigeuza kuwa mkono. Mkono ukifunguka, ni tano. Tano, nne na tatu husemwa kwa sauti. Mbili na moja huonyeshwa tu kwa vidole, maana hapo maiki inakaribia kufunguliwa na dunia isije ikasikia. Ngumi ikifunga, sema ulichonacho.

Tatizo ni kwamba ngumi ya Bi Vidole haifungi. Alipokuwa mtoto mdogo, mama yake alifunga mlango wa jikoni bila kutazama, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kikakutwa mahali pasipofaa. Kilipona, lakini kilipona kimesimama, na hakijakubali kukunjika tangu siku hiyo. Mama alijilaumu kiasi kwamba hakukigusa tena. Hata kumkata kucha, tisa alikata yeye, na hiyo moja alimwachia baba mtu. Basi sifuri ya Bi Vidole ni ngumi yenye kidole kimoja kilichobaki juu, na kila mgeni katika studio yetu ilimlazimu ajifunze hivyo au aaibike.

Wengi walichagua kuaibika kwanza. Mtangazaji wetu mashuhuri, ambaye hapa ndani tunamwita Sauti ya Dhahabu kwa sababu anapenda kuitwa hivyo, siku yake ya kwanza hewani alikaa akitabasamu, akisubiri kidole cha mwisho kishuke. Muziki ukaisha. Akaendelea kutabasamu. Watazamaji nao wakamtazama, wakidhani kuna msiba na jamaa anatafuta namna ya kuusema. Siku hizi huwafundisha wanafunzi wa mazoezi kwamba ule ulikuwa ukimya wa makusudi, wa kuvuta hisia. Hatumkatalii. Kila mtu ana haki ya kuipamba historia yake.

Bi Vidole hakuanza na vidole. Alianza kama mvuta nyaya, kazi ya kutembea kwa kuinama nyuma ya kamera inayosogea ili waya wake usikwame kwenye mguu wa meza. Ni kazi ambayo haina sifa yoyote mpaka ikosewe. Lakini mtu aliyeinama nyuma ya kamera kwa miaka saba huona mambo, na alipopandishwa cheo alikuja na sheria zake, akaziteremsha kwetu bila kuomba maoni ya mtu.

Sheria ya kwanza ilisema kamera haimtangulii mtu. Mtu akitaka kuinuka kitini, mwache aanze yeye, ndipo umfuate. Na akisimama, wewe tulia baada yake kidogo. Kamera ikianza kwenda kabla ya mtu, mtazamaji nyumbani anaanza kutafuta mwizi ni nani. Mpiga picha wetu wa kamera ya pili, kijana mrefu tunayemwita Twiga, aliisikia sheria hii mara nyingi sana hata akawa anaisema usingizini, kwa ushahidi wa mke wake.

Sheria ya pili ilihusu kukaa. Bi Vidole aliamini kwamba wakati mwafaka wa kubadili picha ni pale mtu anapokuwa katikati ya kuketi, hajasimama na hajafika. Jicho la mtazamaji, alisema, wakati huo linashughulika na makalio, halina nafasi ya kuona kwamba tumehama kutoka kamera moja kwenda nyingine. Ukisubiri mpaka mtu ameshakaa, umechelewa. Jicho limetulia na litaona kila kitu, hata tai iliyopinda. Kwa hiyo wageni wote, wawe madaktari au mabalozi, waliinuliwa na kukalishwa mara tatu kabla ya kipindi ili mwendo wao wa kukaa ujulikane. Msemaji mmoja wa kampuni, mtu mwenye saa ya bei kubwa, aligoma. Alisema amekuwa akikaa tangu utotoni bila kufundishwa na mtu. Bi Vidole akamjibu kwa upole kwamba ndiyo maana bado anakaa kitoto. Alikaa mara tatu. Ya nne aliiongeza mwenyewe.

Tusije tukadanganyana kwamba tunaagana na malaika. Bi Vidole ni mbishi, ana kiburi cha kutosha watu wawili, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kumsikia akikiri kosa. Kwa muda mrefu aliamini kwamba mwandishi wetu wa mbali, yule anayesimama mbele ya majengo ya nchi za watu na kuzungumza nasi kwa setilaiti, ni mzito wa akili, kwa sababu akiulizwa swali hutikisa kichwa kwanza ndipo ajibu. Mhandisi alimchorea ubaoni jinsi sauti inavyopanda angani, inapiga kona na kushuka, na kwamba safari hiyo inakula muda. Bi Vidole aliutazama ule mchoro kwa heshima zote. Kisha akasema, "Basi aanze kujibu mapema." Mhandisi hajawahi kuchora tena.

Kwenye harusi ya binti wa Mhasibu Mkuu alimzungushia bwana harusi kidole, ishara yetu ya "fupisha, muda umekwisha," katikati ya hotuba ya shukrani. Bwana harusi akafupisha. Wakwe walilalamika, wageni walipiga makofi, na chakula kikatoka kikiwa cha moto, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika harusi yoyote ya wafanyakazi wa shirika hili.

Wasifu hauwezi kukamilika bila utepe. Miaka michache iliyopita Mkurugenzi alizindua lango jipya la ofisi zetu, lile ambalo halifunguki vizuri. Akaagiza kwamba pale anapokata utepe paonyeshwe kwa mwendo wa polepole, ili tukio lipate uzito. Bi Vidole, kwa ukarimu ambao ulipaswa kututia shaka, aliunga mkono mara moja. Tukapunguza mwendo. Mkasi ukawa unauma utepe kama kibogoyo anayetafuna muwa. Shavu la kushoto la Mkurugenzi likaenda kushoto, likafikiri, likarudi. Ulimi ukachungulia pembeni ya mdomo, kama wa mtoto anayejifunza kuandika, ukakaa hapo muda mrefu. Mwendo wa kawaida, alituambia Bi Vidole baadaye, ni stara ya mtu. Ukiupunguza umemvua nguo. Kanda hiyo imepotea maktaba kwa njia zisizoeleweka. Mwenye shida nayo amwone Twiga.

Mafanikio yake makubwa kuliko yote aliyapata akiwa likizo. Mwaka aliokaa nyumbani kumuuguza mama yake, nafasi yake aliishika msaidizi mwenye mkono mzuri, vidole vitano vyote vinafanya kazi. Alihesabu vizuri kabisa, akianza kukunja kutoka kidole gumba, hivyo "moja" yake ilikuwa kidole kidogo peke yake kimesimama. Watangazaji wetu walipokiona kidole hicho wakafanya kile walichofundishwa kwa miaka: walianza kusema. Maiki ilikuwa bado imefungwa. Muda wote wa likizo ile taarifa ya habari ilianza kwa mdomo unaocheza bila sauti, watazamaji wakawa wanapiga simu kuuliza kama ni televisheni zao au ni serikali.

Uongozi, kwa kasi yake inayojulikana, uliunda kamati. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikapima uwezekano wa kuwafundisha upya watangazaji tisa, ikaona ni kazi. Samaki mkunje angali mbichi, na wale walikuwa wameshakauka. Ikaamuliwa kwamba msaidizi ndiye abadilike: kidole chake kidogo kisihesabiwe tena, na akifika sifuri kibaki juu peke yake. Uamuzi huo haujafutwa. Ndiyo sababu leo katika studio yetu kila anayehesabu, hata vijana ambao hawajawahi kubanwa na mlango wowote, hufunga ngumi na kuacha kidole kimoja kimesimama. Wageni kutoka mashirika mengine hudhani ni utaalamu mpya kutoka ng'ambo, na baadhi wameanza kuuiga.

Sasa tuje kwenye kidonda. Katika miaka yote hiyo Bi Vidole hakuwahi kuonekana hewani hata mara moja, kwa sababu msimamizi wa studio akionekana maana yake kuna mtu amekosea. Sisi hatukuona shida. Aliyeona shida ni mama yake, ambaye anaishi naye, na ambaye kila jioni huketi mbele ya televisheni kuanzia muziki wa mwanzo hadi wa mwisho, akimsubiri mwanawe apite. Bi Vidole akirudi nyumbani, salamu ilikuwa ni ile ile: "Leo tena hukupita." Naye hujibu kwamba alikuwepo, nyuma ya kamera. Na mama huuliza, "Nyuma ya kamera ndiyo wapi?"

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na majirani walilifanya gumu zaidi. Mama wa mlango wa pili, mwenye ulimi usiolala, alitangaza kwamba huyo binti huenda anafagia huko. Mama mzazi alimjibu kwamba hata kama anafagia, basi pamefagiliwa vizuri. Lakini maneno yale yalimwingia. Ameshakula chumvi nyingi, macho yake yanafifia, na mwaka huu aliwahi kusema mbele ya mkwewe kwamba anaogopa atakwenda kaburini bila kujua mwanawe alifanya kazi gani. Bi Vidole alitusimulia haya akikunja nyaya, uso kauinamisha sakafuni.

Kwa hiyo Utumishi walipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, wakidokeza saa ya ukutani, yeye ambaye maisha yake yote amefungwa kwenye saa aliomba kitu kingine. Aliomba aonekane mara moja. Akae pale mezani, atazame kamera, amsalimie mama yake. Utumishi walikubali. Saa wamenunua vilevile.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ijumaa iliyopita, mwisho wa taarifa ya jioni, tulitenga dakika moja na nusu. Mkurugenzi angesema maneno machache, sekunde ishirini, aliapa. Kisha Bi Vidole angetembea kutoka pembeni hadi mezani, Twiga angemfuata kwa kamera, bila kumtangulia, na pale atakapokuwa katikati ya kuketi tungebadili picha, kwa heshima ya sheria yake. Mumewe, fundi cherehani, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, alimshonea gauni la kijani lenye mikono mirefu na nakshi kwenye kiwiko cha mkono. Alipakwa poda kwa mara ya kwanza katika ajira yake. Alilalamika inawasha. Nyumbani, mama alikuwa amekalishwa mbele kabisa, na majirani walikuwa wameitwa wote, pamoja na yule wa mlango wa pili, hasa yule wa mlango wa pili.

Kilichosahauliwa ni kitu kimoja tu. Katika vikao vyote vya maandalizi, hakuna aliyekumbuka kwamba kama mhesabu atakuwa mbele ya kamera, lazima mtu mwingine ahesabu. Ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya, na tulilifanya kwa umoja na mshikamano. Basi Bi Vidole alisimama pembeni na gauni lake jipya, poda usoni na hedifoni juu ya nywele alizotengeneza, akafanya kazi.

Mkurugenzi alianza. Alimshukuru Bi Vidole kwa sentensi moja. Baada ya hapo alizungumzia alivyolikuta shirika hili, alivyolinyanyua, changamoto za lango, na safari yake mwenyewe tangu alipokuwa kijana mwenye ndoto. Bi Vidole alimzungushia kidole. Mkurugenzi ana sifa nyingi, lakini hajawahi kuutazama mkono wa mtu wa chini yake. Bi Vidole akazungusha mkono mzima. Chumbani kwetu tulikuwa tunaitazama saa ikishuka na matangazo ya biashara yakisubiri, maana siku hizi matangazo hurushwa na kompyuta, na kompyuta haina mama.

Twiga alimwashiria aingie tu, akae, liwalo na liwe. Tulimwona kwenye kioo chetu akipiga hatua moja. Kisha alitazama saa. Mwendo wa kutoka pale hadi mezani anaujua kuliko mtu yeyote. Aliona kwamba angekatwa njiani, hajafika, hajakaa, mdomo wazi, mbele ya mama yake na mtaa mzima. Akarudisha mguu. Na kwa kuwa zilikuwa zimebaki sekunde tano kabla ya matangazo na hakukuwa na mwingine wa kuhesabu, akainua mkono wa kulia akaufungua.

Hapo kamera ya Twiga ikateleza. Twiga ameandika katika maelezo yake kwamba gurudumu lilikuwa na hitilafu. Na mtu fulani katika chumba cha picha akabonyeza kitufe ambacho hakikuwa kwenye mpango, Mkurugenzi akakatwa katikati ya neno "mimi." Uchunguzi unaendelea, na mwandishi wa maneno haya anautakia kila la heri. Kilichoonekana hewani ni mkono peke yake, kiwiko chenye nakshi, vidole vikikunjwa kimoja kimoja bila haraka, nne, tatu, mbili, moja, mpaka ikabaki ngumi na kidole kidogo kimesimama. Kisha sabuni ya kufulia.

Bi Vidole hakumtazama mtu. Alifuta poda kwa kitambaa, akaondoka bila kuaga. Yaliyofuata tumeyapata kwa Shemeji, aliyekuja Jumamosi kurudisha hedifoni ambayo mkewe alikwenda nayo nyumbani shingoni.

Anasema mkewe alipoingia ndani majirani walikuwa bado wamejaa, wamenyamaza kwa ule unyamavu wa watu wanaosubiri kucheka wakiwa nje. Bi Vidole alipiga magoti mbele ya mama yake akaanza kuomba radhi, kwamba muda haukutosha, kwamba walimwahidi. Mama akamkata kauli. "Muda gani tena? Nimekuona."

Mama wa mlango wa pili alisema kwa huruma kubwa kwamba ule ulikuwa mkono tu, bibi, mkono wa mtu yeyote.

"Nisiujue mkono ule?" mama alisema. "Kidole kile nilikibana mimi."

Shemeji anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mama mkwe wake akikigusa kile kidole. Jioni ile alikipapasa, akakishika kwa mkono wake wote, akauliza swali ambalo nadhani alilibeba tangu siku ya mlango. "Kinauma?"

"Hakiumi, mama," Bi Vidole akamwambia. "Kinafanya kazi."

Mama akauliza kazi gani, na safari hii akaelezwa mpaka akaelewa: kwamba kile kidole kikibaki peke yake, ndipo watu wote wale wenye suti hupata ruhusa ya kufungua mdomo. Kisha akamgeukia jirani yake na kumwomba alirudie lile neno lake la kufagia. Jirani alikumbuka ana chungu jikoni.

Bi Vidole, kwa niaba ya watangazaji uliowazuia wasiaibike na wale uliowaacha waaibike ili wajifunze, ahsante. Kwa niaba ya Twiga, ambaye ameitwa ofisini Jumatatu na anakwenda akiwa ametulia, ahsante. Sisi wa chumba cha picha tutakukosa sana, na hilo tunalisema bila kejeli, jambo ambalo unajua si kawaida yetu. Saa ya ukutani itundike mahali usipoiona. Kaa utakavyo, hata kitoto, inuka utakapo, na Mungu akupe wewe na mama siku nyingi ambazo hakuna mtu anayezihesabu. Jioni ya kustaafu kwako taarifa itaanza kama kawaida, na atakayesimama pembeni ya kamera atafunga ngumi na kukiacha kidole chako juu. Mwambie mama aangalie.